Kidude Kinachojibu Kabla Hujamaliza Kuuliza

Nimewaachia funguo za kabati, betri ya akiba, na kile kiti ambacho mguu wake mmoja nimeufunga kwa waya. Bado mnadai niwaachie na maneno ya kuaga. Haya, kaeni. Ila habari za kupanda cheo msizitegemee, maana cheo changu kilipanda kama lifti ya nyumba isiyo na ghorofa. Na mshahara mnaujua, ni huohuo mnaoulalamikia sasa hivi.

Kwa atakayesoma bila kutujua: ofisi yetu iko Ifakara, vyumba viwili na veranda. Tunapokea vipimo vya kina cha maji kutoka kwa wasomaji walioko kando ya mito, huko juu kuelekea Mngeta na kupita. Maji yakianza kupanda, tunawaambia watu wa mbugani waondoke. Kazi ndiyo hiyo, na mtu akiieleza kwa slaidi arobaini mwulizeni anataka nini.

Mbugani ni kule bondeni chini, tambarare, ambako mpunga unapapenda na maji yanapapenda vilevile. Msimu ukifika, familia zinafunga nyumba kijijini na kuhamia huko na sufuria, kuku na wajukuu. Wanaishi juu ya madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa kwa nguzo, wakiamia ndege wasiumalize mpunga kabla ya wenyewe. Mtu wa dungu akiambiwa aondoke, anaacha chakula cha mwaka mzima mikononi mwa ndege hao, kwelea. Kwa hiyo huwezi kumwambia kwa kubahatisha.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Bosi wangu, Mzee Ligamba, alivitazama, akanipeleka mtoni. Kulikuwa na ubao umepakwa rangi na namba, umesimikwa majini. Akaniambia, "Soma." Nikasoma. Akaniambia, "Geuka nyuma." Nikageuka, naye akasoma kimyakimya. Kisha akaniuliza tena namba yangu, akalinganisha na yake. Kisigino kimoja kilikuwa kimezama kwenye tope na ninachungulia nitakichomoaje kwa heshima.

Wenzangu wengine walimwona msumbufu. Mimi nilijiona nyumbani. Mama yangu aliuza samaki sokoni Ifakara, na perege wake aliwahesabu wakiingia kwenye beseni, akawahesabu tena wakitoka, huku mteja amesimama na pesa mkononi. Nimekua hivyo. Hata leo nikialikwa harusini nahesabu viti nikiingia, na nahesabu tena nikitoka, na sijui navihesabu vya nini.

Sheria ya Mzee Ligamba ilikuwa hivi: onyo halitoki ofisini kwa mdomo mmoja. Mmoja analisema, mwingine analirudia kwa sauti neno kwa neno, ndipo linakwenda. Wakati huo lilikwenda kwa redio ya upepo ya misheni, na kutoka hapo kwa baiskeli. Nimewahi kusimama pale veranda, mvua inapiga, mtu wa baiskeli ameshaweka mguu kwenye pedali, na mzee ananiambia, "Rudia, Konsolata. Hujasema 'upande wa Idete'." Nilimchukia kwa dakika nzima. Kisha nikarudia.

Kompyuta zilipokuja nilipelekwa Morogoro kujifunza kuandika programu. Niliporudi mzee alikuwa ameshastaafu, na meseji zilikuwa zimechukua kazi ya baiskeli. Nikaandika programu ya kutuma. Ilikuwa mbaya kuitazama, lakini ilikuwa na mstari mmoja ambao najivunia mpaka leo. Ukishaandika onyo, programu inasimama. Haisogei. Inasubiri majina mawili ya watu wa ofisi, moja la aliyeandika, la pili la aliyerudia kwa sauti. Bila jina la pili unaweza kukaa hapo mpaka nywele ziwe nyeupe. Na majina yote mawili yanakwenda chini ya onyo, ili aliyeko mbugani ajue amwulize nani. Alikuwa ni Mzee Ligamba ndani ya mashine, tofauti ni kwamba hakohoi.

Mstari ule ulifanya kazi miaka na miaka. Umeme ulikatika, panya walikula nyaya, wakubwa walikuja kutuambia tunahitaji "mfumo wa kisasa" na wakaondoka na soda zetu. Mstari ulibaki.

Ndipo akaja Fadhili.

Nampenda Fadhili, asome hapa asikasirike. Alitoka chuo na digrii yake safi, anaamkia vizuri, na alinitengenezea printa iliyonishinda. Ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kusubiri. Maji ya chai yakichelewa kuchemka anafunua sufuria kuyaangalia, kana kwamba yanamwonea aibu.

Asubuhi moja akanivuta mkono. "Mama Konso, njoo uone kitu."

Alikuwa ameweka plagini kwenye programu yetu ya kuandikia. Niwaeleze wasiojua. Zamani ukiandika mistari ya programu unaimaliza yote, unabonyeza, unasubiri, ndipo unaona imezaa nini. Hii plagini haisubiri. Unaandika mstari, unatua kidole, unakipumzisha kitambo tu, na palepale pembeni ya mstari jibu linajitokeza kwa kijani hafifu. Ukiandika tano jumlisha tatu, pembeni kinasimama nane. Ukibadilisha tatu kuwa nne, nane inageuka tisa hata hujapumua.

"Umeona?" akasema. "Hubonyezi chochote."

"Nimeona. Na ninayemwona hapa ni muuza mitumba anayenitajia bei kabla sijashika nguo. Huyo ana haraka ya kwake."

"Mama, hii ni maendeleo."

"Hata yule wa mitumba anasema hivyohivyo."

Niwe mkweli, kidude kina faida. Wiki ileile msomaji wetu mmoja alileta kipimo amesahau nukta, mita tatu nukta moja ikawa thelathini na moja. Fadhili alipofungua vipimo, wastani pembeni ya mstari uliruka kama chura, na tukalikamata kosa kabla ya chai. Nikampa haki yake. Nikasema sawa, plagini ikae. Ila bei ya kwanza siinunui, kila jibu la kijani nililikokotoa upya kwa kalamu. Fadhili alikuwa akinitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama bibi anayepuliza taa ya umeme.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kichwa kinaponiuma hadi leo. Kidude hiki kinalijuaje jibu? Hakilijui. Hakioti ndoto. Kinaiendesha mistari yako. Kila ukitua kidole, kwa siri, kinaiendesha yote kutoka juu mpaka chini, kisha kinakuja kukuonyesha kilichotokea. Kwa jumlisha na toa hakuna neno. Lakini mstari wenyewe ukiwa ni "tuma", ili kikuonyeshe jibu la kutuma itakibidi kifanye nini?

Kitume. Kitafanya nini kingine?

Ilikuwa masika, mpunga umeshashika, mbugani kumejaa watu. Wakubwa walitaka onyo letu lifupishwe, likiwa refu linakatika kwenye simu ndogo. Kazi ikapewa Fadhili. Mimi nilikuwa sokoni kununua betri, na nilikuwa nimembana muuzaji mpaka ameanza kuniita mama mkwe. Narudi nimeibeba betri kifuani, nakuta simu ya ofisi inaita, ya Halima inaita, na Halima mwenyewe, mwenzetu wa tatu, amesimama katikati ya chumba hajui ashike ipi.

Fadhili yuko kwenye kiti, anaandika, anatabasamu. "Ona, Mama Konso, nimeshalifupisha."

"Nani wanapiga?"

"Sijui, leo simu zimekuwa nyingi."

Nikatazama kioo. Pembeni ya mstari wa kutuma, kwa kijani hafifu, kizuri, cha kutuliza macho: *imetumwa*.

"Fadhili. Umeituma?"

"Hapana mama, sijabonyeza kitu."

"Na ule mstari wa majina mawili?"

"Aa, ule. Plagini ilikuwa inakwama pale, inasubiri jina. Nimeuweka pembeni kwa muda tu. Nimeandika majina moja kwa moja ili ipite."

"Majina ya nani?"

Akainamia vitufe. "Langu. Na lako."

Nikaiweka betri chini polepole, maana nilikuwa na wazo la kuiweka mahali pengine.

Kwa hiyo hiki ndicho walichopokea watu wa mbugani mchana ule, kimoja baada ya kingine, kila Fadhili alipotua kidole kufikiri. "Maji." Halafu "Maji yana." Halafu "Maji yanapanda." Halafu "Ond." Halafu "Ondokeni", akafuta, akaweka "Ondokeni har", akafuta tena, akaweka "mbugani". Na chini ya kila kipande: Fadhili, Konso. Vilikuwa vipande saba. Nilivihesabu, nikarudia, nikitumaini safari ya pili vitapungua.

"Tuwaombe radhi haraka," akasema Fadhili, na mikono yake ikarudi kwenye vitufe.

"USIGUSE!"

Alikuwa ameshaandika herufi tatu za "Samahani". Kidole kikatua kwa kushtuka. Kijani pembeni: *imetumwa*.

Simu niliyoipokea jioni ile ilikuwa ya Mama Skola. Huyu anaongoza kundi la madungu upande wa Idete, na onyo letu likifika kwake ndiye anayepiga debe wengine wasikie. Ananizidi umri.

"Shikamoo dada," nikasema.

Hakuitikia. Mkisikia mtu mzima wa Idete haitikii shikamoo, tafuteni pa kukaa.

"Sam ni nani?" akauliza.

"Dada, hakuna Sam."

"Ameandika hapa. 'Sam, Fadhili, Konso.' Mmekuwa watatu sasa?"

"Dada, ilikuwa ni mashine, imetuma yenyewe."

"Nimebeba wajukuu wawili, Konso. Mmoja mgongoni. Nimebeba sufuria na kuku na godoro. Nimepiga debe watu wote wameondoka, tumetembea jua la saa saba mpaka kijijini. Tumefika, tumekaa, tumetazama mbugani. Pakavu kama kiganja. Tumerudi, kwelea wametandaza mkeka kwenye mpunga wetu. Na wewe unaniambia mashine."

"Nakubali kosa ni letu."

"Siku nyingine maji yakija kweli utaniambia nini nikuamini? Maana hao wenzangu wameshasema. Meseji nyingine ikija, hakuna anayeshuka dungu."

Hapo ndipo niliposikia baridi. Mpunga ulioliwa unauma, lakini unalimwa tena. Maji ya kweli yalikuwa bado hayajaja, na masika yalikuwa hayajafika nusu. Tungewatumia onyo zuri, fupi, lisilokatika, nao wangelisoma, wakacheka, wakageuka upande wa pili wa mkeka pamoja na wajukuu.

"Sema dada," nikasema. "Nifanye nini uniamini?"

"Uje uamie ndege wangu. Wiki nzima."

Ningekuwa na akili ningekubali. Lakini mimi ni mtoto wa sokoni. "Siku moja," nikasema.

"Ndege hawali siku moja."

"Dada, nina ofisi. Mbili."

"Ulitaka kuniondoa mbugani kwa 'Ond', leo unanipa mbili? Tano."

"Tatu, na nakuja na Fadhili."

Akapima. "Na huyo Sam?"

"Sam ndiye Fadhili."

"Mlete," akasema. "Marahaba."

Kabla ya kuondoka niliurudisha mstari wangu wa majina mawili kwa mkono wangu mwenyewe. Ila tulikuwa watu watatu wa ofisi, na wawili tunakwenda mbugani. Tukakubaliana hivi: maji yakipanda, Halima anipigie simu, anisomee onyo, nirudie neno kwa neno, ndipo aandike jina langu chini ya lake. Tukapeana mikono. Watu watatu wazima, mmoja ana digrii, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mbugani kuna mtandao.

Hakuna. Tuliligundua hilo tumeshavuka matope ya magoti. Kuna kichuguu kimoja kirefu katikati ya mashamba, na juu yake kuna kijiti, na kwenye kijiti inaning'inia simu ya Mama Skola ndani ya mfuko wa nailoni. Hapo ndipo meseji zinapofika, upepo ukipenda.

"Zikifika," alituambia Mama Skola, "zinafika zimepishana. Siku ile, ya kwanza kuingia ilikuwa 'Ond'."

Fadhili akamtazama. "Ilianza hiyo?"

"Ilianza hiyo. Tukadhani ni jina la dawa."

Tukaendelea mpaka kwenye dungu. Kupishana kwa meseji hakukuwa kwenye masomo ya Fadhili, wala kwenye yangu.

Siku ya kwanza tuliamia. Kuamia ndege si mchezo. Kuna kamba zimetandazwa juu ya mpunga zimefungwa makopo, unavuta, zinalia. Kuna teo la kurushia udongo. Na kuna kupiga kelele, ambako Fadhili alianza kwa aibu, "oya, oya", kama anaita konda. Mama Skola akamwambia, "Sam, hao ni ndege, si wakwe zako. Paza sauti." Kufikia jioni sauti ilikuwa imemkauka na teo limemchuna kidole. Wajukuu walimwita Mjomba Sam, na jina limeshamganda, mnalijua.

Siku ya pili asubuhi, anga jeupe, hakuna wingu. Tunakunywa uji. Kule kichuguuni simu ikalia mara moja.

Mama Skola akaenda kuitungua. Akarudi anasoma njiani, polepole. Akanipa simu. "Maji yanapanda. Ondokeni mbugani. Halima, Konso."

Watu wa madungu ya jirani walikuwa wameshaanza kusogea, kila aliyesikia mlio. Hakuna aliyebeba kitu. Walikuja mikono mitupu, kunitazama mimi.

"Jina lako hili," akasema Mama Skola. "Umelirudia lini neno hili?"

"Sijalirudia."

"Halima hakukupigia?"

Nikatoa simu yangu. Haikuwa na mtandao tangu jana. Nikapanda kichuguu na simu yake, nikainyoosha juu kama nabatiza hewa. Mtandao ulikuwa umeshakwenda zake.

Nikamgeukia Fadhili. "Ile plagini uliiondoa?"

"Niliizima, mama."

"Kuizima na kuiondoa ni kitu kimoja?"

"Hapana," akasema. "Ukiizima… mtu mwingine anaweza kuiwasha. Kitufe kiko palepale juu."

Watu walikuwa wanasikiliza. Mzee mmoja akacheka kidogo, kicheko cha kwenda zake. Mwingine akasema, "Ni Sam tena huyo," akageuza mgongo kurudi kwenye dungu lake.

Nilisimama juu ya kile kichuguu, na mjue sikuwa na uhakika. Lile onyo lilikuwa na jina langu na sikuliweka mimi. Kwa sheria yangu mwenyewe lilikuwa bovu. Nikisema tuondoke na pakawa pakavu, basi ofisi yetu imekufa upande wote wa Idete, na hata mwakani wasingeshuka. Nikisema tukae na maji yakaja, sihitaji kumalizia.

Nikalihesabu lile onyo kama samaki, linaingia na linatoka. Lilikuwa moja. Kidude kile hakijui kutuma kimoja, kinatuma vipande. Hili lilikuwa zima, lina nukta zake. Na jina la kwanza lilikuwa la Halima. Halima ninamjua. Hawezi kuchukua biskuti kwenye meza yangu bila kuuliza. Mtu huyo akiandika jina langu bila ruhusa, basi ameona kitu kinachotisha kuliko mimi.

Nikashuka. "Ni langu," nikasema.

"Umesema hukulirudia," akasema Mama Skola.

"Nalirudia sasa. Maji yanapanda. Ondokeni mbugani. Halima, Konso." Kwa sauti, neno kwa neno, kama ninamsomea Mzee Ligamba. Kisha nikaingia kwenye dungu, nikachukua mjukuu mdogo, nikamfunga mgongoni. Begi langu nililiacha.

Nadhani begi ndilo lililofanya kazi, si maneno. Mama Skola alilitazama pale lilipobaki, begi la ngozi zuri, akajua kwamba mtoto wa sokoni haachi begi kwa mchezo. Akachukua debe, akalipiga.

Tulitembea kwa mstari mmoja. Fadhili alibeba godoro kichwani na kuku wawili mkononi, na hakuuliza tunafika saa ngapi. Yule mzee wa kicheko alitoka wa mwisho, analalamika, anasema sauti imfikie kila mtu kwamba akikuta pakavu atakuja kulala mlangoni kwangu. Nikamwambia alete shuka lake.

Tulipofika kwenye mwinuko wa barabara ya Idete tukageuka. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha mpunga ukaanza kumetameta kwa chini, kwenye mashina, kama mtu amemwaga vioo. Yakasogea taratibu bila kelele. Kabla ya jua kuzama, nguzo za madungu zilikuwa hazionekani, na vibanda vilikaa juu ya maji kama kuku wanaoatamia. Watu tukawahesabu. Mama Skola alihesabu, mimi nikarudia. Namba zikalingana.

Mtandao uliporudi Halima alikuwa wa kwanza, analia. "Mama nisamehe, Mngeta walipiga, maji yamepanda ghafla, nimekupigia nikachoka, nikaandika jina lako."

Nilikuwa na maneno mengi, mengine siwezi kuyaandika. Nikamwambia, "Umevunja sheria. Usirudie. Asante." Alilia zaidi.

Kwa hiyo mkikuta mambo yako hivi ofisini, mjue sababu. Mistari ya kutuma iko peke yake, kwenye kompyuta ya pembeni ambayo haina plagini, na haitawekewa hata aje nani na slaidi. Plagini ibaki kwenye vipimo, huko inajua kazi. Jina la pili linaweza kuwa la yeyote aliyesimama chumbani, hata mwuza maandazi, ili mradi amerudia kwa sauti. Na orodha ya simu za mbugani ina namba tatu kwa kila kichuguu. Fadhili ndiye aliyetaka hivyo. Siku hizi anasubiri chai ichemke, ingawa nimemwona mara moja akigusa mfuniko.

Siku ya kuniaga mlinipa kanga na saa ya ukutani, nikashukuru. Mlipokuwa mnaimba, simu yangu iliita nikatoka veranda.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nasikia umemaliza kazi."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Tulikubaliana siku tatu, umeamia moja na nusu. Ile ya pili maji yaliikata."

"Dada Skola, nitakulipa siku moja, tuachie hapo."

"Moja na nusu."

"Nimestaafu, dada!"

"Ndege hawajastaafu," akasema, akakata simu.

Mpunga umeshashika tena. Naondoka kesho asubuhi, na teo nimeliazima kwa Mjomba Sam.